Njia ya pwani ipimwe siku ya bamvua

Mleta mada yuko Bagamoyo. Anasema karibu na diko (pale wavuvi wanaposhushia samaki) la mtaani kwao kuna ghala la kale la mawe, mwekezaji anataka kuligeuza hoteli, na ameahidi kulihifadhi jengo na "kuwaachia wananchi njia". Anauliza wakubali au wapinge. Mimi ni fundi wa chokaa, kwetu Unguja, na majumba ya Mji Mkongwe upande wa Shangani na Malindi ndiyo yaliyonilisha, basi nitajibu kwa niliyoyaona huko.

Kubalini, ila kwa masharti. Wanaosema "liacheni kama lilivyo" hawajawahi kupanda juu ya paa la gofu, jumba lililokwisha kuachwa libomoke. Jengo la mawe ya matumbawe lisilo na mwenyewe haliwangojeni. Maji yakishaingia, boriti huanza kuoza vichwani, pale zinapoingia ukutani, na kwa chini huoni kitu mpaka dari ianguke. Beit al-Ajaib ya Mji Mkongwe, jumba la 1883 linalojulikana dunia nzima, liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakafariki. Ghala lenu halina hata huyo wa kulikarabati.

Muulizeni mwekezaji atapiga plasta gani. Akijibu saruji, hajui anachokinunua. Saruji hufungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta, na baada ya misimu michache inabanduka pamoja na jiwe lenyewe. Huku bara angalieni pia umri wa jengo: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Ghala la enzi za Wajerumani limechelewa, linahitaji kutangazwa. Nendeni Idara ya Mambo ya Kale mkaulize kama lenu limo, kabla tingatinga halijafika.

Lakini jengo si ndilo litakalowagombanisha. Jengo litapakwa rangi, litapigwa picha, kila mtu atafurahi. Mtagombana kwa ajili ya njia.

Kuna mradi mmoja niliofanyia kazi, siutaji, uliokuwa na ahadi kama hiyo yenu. Kwenye mchoro njia ilikuwepo, mstari wa kijani chini ya ukuta wa hoteli, upande wa bahari. Maji yakipwa, unapita na baiskeli. Siku ya bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, mawimbi yanagonga ukuta na njia haipo kabisa. Wavuvi wakaanza kukatisha juu, kwenye bustani, mlinzi akawauliza wanakwenda wapi, na tangu siku hiyo pwani ikawa ya kuombea ruhusa. Hakuna aliyewafukuza, na hakuna kifungu cha mkataba kilichovunjwa.

Kwa hiyo mchoro ukiletwa, msikubali kuukagua ofisini. Ngojeni bamvua, maji yakijaa nendeni nao pwani, mtembee hiyo njia. Watu wawili waliobeba tenga la samaki wapishane na mama mwenye mtoto mgongoni. Ikishindikana, njia haipo, hata iwe na rangi gani kwenye karatasi. Kanuni ya kutofanya shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, iliyomo katika Sheria ya Mazingira ya 2004, isimamieni hasa kwa vitu vipya: bwawa la kuogelea, na ile baa ya makuti inayoitwa "ya muda" huku nguzo zake ni za zege.

Mtu asiwaambie kwamba sehemu ikipendeza lazima ifungwe. Bustani ya Forodhani, pale Mji Mkongwe, ilifanyiwa ukarabati na taasisi ya Aga Khan na kufunguliwa tena 2009, pamoja na ukuta wa bahari. Jioni mishikaki na maji ya miwa vipo, watalii wapo, na vijana bado wanaruka baharini kutoka ukutani bila kulipa kiingilio. Kuna wanaolalamika bei za vyakula zimepanda, na ni kweli, lakini kukaa ni bure.

Ahadi ya mdomo itaondoka na meneja aliyeitoa. Sheria ya Ardhi ya 1999 inazo taratibu za njia za umma, na njia iliyowekwa kisheria haifutiki hoteli ikiuzwa. Tafuteni mwanasheria, hata wa msaada wa bure, aandike upana wake, kwamba iko wazi usiku na mchana (wavuvi hawatoki saa za ofisi), na nani ataifanyia matengenezo. Diko nalo liandikwe kwa mipaka yake, pamoja na nafasi ya kupandisha ngalawa za kukarabatiwa, maana hiyo ndiyo huliwa kwanza kwa kuwa mara nyingi inaonekana tupu.

Na mkiitwa kwenye kikao cha tathmini ya mazingira, juu ya karatasi ya mahudhurio andikeni kwa mkono "mahudhurio tu" kabla ya kusaini. Nimeona karatasi ya aina hiyo imebandikwa nyuma ya ripoti kama orodha ya waliokubali, na jina la marehemu babu wa jirani yangu lilikuwemo.