Matembezi ya kwanza ya kutazama ndege: jina lije mwishoni

Wengi wanaojiunga na matembezi ya ndege kwa mara ya kwanza huondoka wakilalamika kwamba ndege walikuwa mbali, au walikuwa wepesi mno. Mara nyingi sivyo. Darubini ndiyo haikuwa imerekebishwa, na mtazamaji alikuwa ameinamia kitabu akitafuta jina huku ndege mwenyewe ametulia tawini.

Kwa hiyo tenga dakika tano za darubini kabla hamjaingia njiani. Inayomfaa anayeanza ni ile iliyoandikwa 8x42. Hiyo 8 ni mara inazokuza; 42 ni kipenyo cha kioo cha mbele kwa milimita. Ya 10x inashawishi, lakini hukuza pia mtetemo wa mikono, na kwa kawaida eneo unaloliona kwa mara moja ni dogo zaidi, hivyo kumpata ndege majanini kunakuwa kazi.

Kunja au kunjua pande zake mbili mpaka uone duara moja tu. Ukiona vivuli vyeusi pembeni, vikombe vya macho, yaani zile pete unazoegemezea macho, haviko sawa: mwenye miwani avishushe, asiye na miwani avitokeze. Kisha chagua kitu kisichosogea, kwa mfano kibao chenye maandishi, hatua 20 hivi kutoka ulipo. Fumba jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka la kushoto lisome herufi bila ukungu. Sasa fumba la kushoto, na bila kuligusa tena gurudumu, zungusha pete ndogo ambayo kwenye darubini nyingi huwa upande wa jicho la kulia, mpaka nalo lisome vilevile. Kumbuka pete iliposimama. Kuanzia hapo utatumia gurudumu peke yake. Anayeiruka pete hii huchoka macho, pengine hata kuumwa kichwa, asijue sababu.

Kosa linalofuata ni kupekua mti mzima kwa darubini. Ndege hutafutwa kwa macho matupu. Ukishamwona usimwachie, wala usiinamishe kichwa kuangalia mikono yako; pandisha darubini ikufuate machoni. Jizoeze na kile kibao mara kumi. Kamba iwe fupi, darubini ikae kifuani. Na kamwe usiielekeze kwenye jua, maana huweza kuharibu jicho papo hapo.

Ndege wengi huchangamka saa mbili tatu za kwanza baada ya kupambazuka. Mvua inapokatika pia ni wakati mzuri. Upepo mkali ndio mbaya, kwa sababu wadogo hujificha na majani yanayotikisika humeza kila dalili ya ndege. Jua liwe mgongoni, la sivyo rangi zote zitageuka kivuli cheusi. Tarajia mwendo wa polepole: kilomita moja au mbili kwa saa mbili zinatosha kabisa. Simameni sana pale msitu unapopakana na uwanda, au kando ya maji, kwa kuwa hapo hukutana ndege wa pande zote mbili.

Usimtangulie mwongozaji, kwani utawafurusha ndege aliotaka kuwaonyesha wenzako. Akiweka darubini kubwa ya miguu mitatu, peleka jicho bila kushika chochote, mikono ikae mgongoni. Mguso mdogo tu unatosha kumtoa ndege kwenye kioo, na foleni nzima itasubiri atafutwe upya.

“Yule pale, kwenye mti!” haimsaidii mtu. Taja kwanza alama kubwa ambayo kila mtu anaiona, kisha umbali, kisha mahali penyewe. Uchukulie mti kama uso wa saa: kileleni 12, kulia 3, chini 6, kushoto 9. Hapa tunataja tarakimu iliyoandikwa kwenye saa, si saa tunayoisema mdomoni. Wasipokubaliana hilo mapema, nusu ya kundi itatazama upande mwingine. Usirushe mkono juu ghafla.

Ndege akishaonekana vizuri, mkague kabla ya kuuliza jina. Ukubwa kwanza, ukimlinganisha na shomoro, njiwa au kunguru. Halafu mdomo: mfupi mnene hupasua mbegu, mwembamba huchomoa wadudu, wa ndoana hurarua nyama. Angalia anachofanya pia. Kigogota hupanda shina wima akijiegemeza kwa mkia; mbayuwayu hula akiwa angani. Rangi tunaiweka mwisho, kwa maana mwanga huidanganya. Andika hayo kwa penseli, ambayo haichuruziki ikilowa, ndipo ufungue kitabu.

Programu ya Merlin ya simu husikiliza sauti na kupendekeza jina. Ipakue mapema pamoja na orodha ya ndege wa eneo hilo. Lakini pendekezo si ushahidi, na wako ndege wanaoiga sauti za wenzao. Litumie kujua pa kuelekeza macho.

Usicheze sauti iliyorekodiwa ili kumvuta ndege, hasa msimu wa kuzaa. Ndege hudhani mpinzani ameingia eneo lake, akaacha kiota au makinda ili kumfukuza asiyekuwepo. Vivyo hivyo, ukimwona ameshika mdudu mdomoni, anaruka tawi hadi tawi akipiga kelele bila kumla, fahamu kwamba umesimama karibu na kiota chake. Rudi nyuma mpaka atulie, na usifunue matawi kutafuta.

Hesabuni pamoja kabla ya kutawanyika, aina kwa aina, na idadi yake. Mkituma orodha kwenye eBird, hifadhi ya mtandaoni ya kumbukumbu za ndege, andikeni saa ya kuanza, muda na umbali. Ndege asiyetambuliwa asipewe jina la kubahatisha. Abaki “hakutambuliwa”, pamoja na maelezo ya mdomo na mkia wake, na siku nyingine mtamtafuta kwenye mti uleule.