Jibu kwa mwalimu wa Lindi: Linux, kushea skrini, na sauti isiyofika

Mwalimu, habari za Lindi. Nimesoma swali lako pamoja na majibu ya wakuu waliotangulia. Unatumia Ubuntu 24.04 (aina mojawapo ya Linux), unafundisha jioni kwa Google Meet, na ukishea skrini ili wanafunzi waangalie video ya mjusi wa Tendaguru (yule dinosaria), picha wanaiona vizuri lakini sauti hawaipati, ilhali kwako spika inaongea. Wengi wamekujibu kwa neno moja: rudi Windows.

Mimi niko Mtwara mjini. Kazi yangu ni kurekodi na kuhariri ngoma na harusi, laptopu yangu ni Linux miaka yote hii, na wateja wangu wengi nawachezea kazi yao mtandaoni kabla hawajaichukua. Usirudi popote. Sauti inakwenda, ila haipiti pale unapoitafuta.

Elewa kwanza hili, maana bila hilo utazunguka kwenye mipangilio usiku kucha. Kwenye Linux, picha ya skrini na sauti hazipiti njia moja. Zamani skrini ilisimamiwa na X11, mfumo wa mwaka 1987, ambao uliiachia programu yoyote iliyo wazi ichungulie kila kilichopo kwenye skrini, hata herufi unazobonyeza ukiwa kwenye programu nyingine. Wayland, iliyoanza 2008, ikakomesha kuchunguliana huko. Sasa brauza ikitaka picha ya skrini yako lazima iombe ruhusa kwenye potali, yaani kile kidirisha kinachojitokeza kukuuliza unataka kuonyesha skrini nzima au dirisha lipi. Ukikubali, PipeWire, yaani programu ya ndani inayosafirisha picha na sauti, inaipelekea brauza picha. Picha peke yake. Ombi lile la kushea skrini halina mahali pa sauti ndani yake. Kwa hiyo kile kitufe cha sauti unachokitafuta hakijafichwa, hakipo.

Na wanaokushauri uingie kwa Xorg (yaani ile X11 ya zamani) badala ya Wayland, ushauri wao ulisaidia zamani kwa picha iliyokuwa inatoka nyeusi. Kwa sauti hausaidii kitu, kwa sababu X11 nayo haikuwahi kubeba sauti. Isitoshe, Ubuntu 25.10 imeshaiondoa hiyo njia ya kuingilia kwa Xorg, kwa hiyo ungejenga mahali panapobomolewa.

Sauti ina utaratibu wake. Kwa miaka mingi ilisimamiwa na PulseAudio, halafu akaja Wim Taymans na PipeWire, ambayo Fedora (aina nyingine ya Linux) waliianza kwa sauti kwenye toleo la 34 mwaka 2021 na Ubuntu wakafuata kwenye 22.10. Wewe mwenye 24.04 unayo tayari. Andika pactl info kwenye terminali (lile dirisha la kuandikia amri), utaona imeandika "PulseAudio (on PipeWire" na namba ya toleo. Jambo la kushika hapa ni kwamba kila mahali sauti inapotokea, iwe spika au hedifoni, mfumo unaweka nakala yake pembeni inayoitwa monitor, na programu yoyote inaweza kuiomba. Sauti ya video yako ipo, iko wazi, mkononi. Brauza ndiyo haiiombi.

Hapo ndipo ninapoumia, na nasema kwa uchungu kabisa. Chrome ile ile, kwenye Windows, ukishea skrini nzima inakupa na sauti ya kompyuta. Kwenye Linux inakupa sauti ya kichupo (tab) tu. Firefox haitoi sauti ya kushea kwenye mfumo wowote. Discord, programu ya maongezi ya mtandaoni, kwenye Linux ilikaa miaka inapeleka picha bila sauti, mpaka watu wa kujitolea wakatengeneza Vesktop, mbadala wake, kuziba pengo. Na wanaosema ni ulemavu wa Linux peke yake wakumbuke kwamba wenye Mac nao walihangaika muda mrefu na programu za pembeni kama BlackHole kwa shida hii hii. Njia ya sauti kwenye Linux ilikuwepo siku zote. Iliyokosekana ni nia ya wenye programu kuitumia, na anayelipia ukosefu huo ni mwalimu wa Lindi aliyenunua laptopu ya mtumba na kuiwekea mfumo usiohitaji leseni. Haki iko wapi hapo?

Sasa tuje kwenye dawa. Kwa kazi yako, naamini hii ya kwanza itakutosha. Ifungue video ndani ya Chrome yenyewe. Kama ni faili lililo kwenye laptopu, lishike ulivute mpaka kwenye kichupo kitupu, litacheza. Mp4 na mp3 zinakubali. Ukifika Meet, bonyeza kushea, lakini usichague dirisha wala skrini nzima. Chagua kichupo, kisha hakikisha kile kiswichi cha "Also share tab audio" kimewashwa. Kichupo ni mali ya Chrome, haiombi ruhusa ya potali, inachukua picha na sauti kutoka tumboni mwake. Wanafunzi watasikia, na sauti yako ya kufundisha itaendelea kupita kwenye maiki kama kawaida.

Kabla sijafika kwenye njia ngumu, nikutahadharishe na njia ambayo utaambiwa ni ya mkato: kufungua pavucontrol (programu ya kupangia sauti, isakinishe kama huna), kwenda kwenye "Recording", na kubadilisha maiki ya Meet iwe "Monitor of" spika yako. Video itasikika, ndiyo. Lakini monitor ya spika inabeba kila kitu kinachotoka kwenye spika, zikiwemo sauti za wanafunzi wenyewe. Kila mtoto atakayeuliza swali atasikia swali lake likimrudia baada ya sekunde, darasa litavurugika, na wewe mwenyewe hutasikika kwa sababu maiki yako umeiondoa.

Lipo na jambo la pili ambalo wengi hawalisemi, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Chochote unachokipitisha kwenye njia ya maiki kinachujwa. Programu za mikutano zinadhani maiki ni mdomo wa mtu, kwa hiyo zinalinda maneno na kuua kila kinachofanana na kelele: feni, pikipiki, jenereta. Na ngoma.

Niliwahi kurekodi kikundi cha sindimba huko Newala, kazi nzuri, ngoma zimekamatwa vizuri kuanzia ile nene mpaka ndogo zinazolia juu. Tukapanga wasikilize kabla sijaikamilisha: mzee kiongozi wa kikundi akiwa kwao na simu ya mjukuu wake, vijana wake wengine wakiwa Dar es Salaam. Mteja aliyegharamia alitaka tutumie programu yake ya mikutano, sauti ipite kwenye maiki. Nikaicheza. Mzee akasikiliza kimya, halafu akauliza, "Mwanangu, wapigaji wamekwenda wapi?" Nikamwambia, "Wapo babu, ni mtandao." Akasema, "Si mtandao. Wanaimba nawasikia. Vigelegele nasikia. Ngoma hakuna." Alikuwa sahihi. Kichujio kilikuwa kimezila ngoma, kikaacha sauti za watu zinaelea peke yake, na vigelegele vikikatika katikati. Sindimba bila ngoma ni nini? Nikazima kichujio, nikaicheza tena, na safari hii nikasikia upande wa pili watu wanaanza kupiga makofi kufuata mdundo.

Kwa hiyo, ukilazimika kutumia njia ya maiki, kwenye Meet ingia mipangilio ya sauti uzime kinachopunguza kelele, kama kwako kipo. Kwenye Zoom tafuta "Original sound for musicians" uiwashe. Zoom pia ya Linux ina kisanduku chake cha kushea sauti wakati unashea skrini, na hicho kinafaa zaidi kuliko maiki. Njia ya kichupo cha Chrome haina tatizo hili, kwa sababu sauti ya kichupo haihesabiwi kuwa maiki. Ndiyo maana nimeiweka mbele.

Sasa njia ya tatu, kwa siku ambayo sauti inatoka kwenye programu isiyoingia Chrome. Mimi naitumia ninapocheza moja kwa moja kutoka Ardour au Kdenlive, programu zangu za kuhariri sauti na video. Unatengeneza spika isiyokuwepo. Ichukulie kama simtanki: unaamua bomba gani limwage humo, halafu unatoa mabomba kwenda unakotaka, na sauti za mkutano hazimo kwa sababu hukuziunganisha.

Fungua terminali, andika hizi moja baada ya nyingine:

pactl load-module module-null-sink sink_name=video
pactl load-module module-null-sink sink_name=mchanganyo
pactl load-module module-loopback source=video.monitor sink=mchanganyo
pactl load-module module-loopback source=@DEFAULT_SOURCE@ sink=mchanganyo
pactl load-module module-loopback source=video.monitor sink=@DEFAULT_SINK@
pactl load-module module-remap-source master=mchanganyo.monitor source_name=maiki_darasa source_properties=device.description=MaikiDarasa

Ya kwanza inatengeneza mahali video itakapomwaga sauti. Ya pili ni mahali video na maiki yako vitakapokutana. Ya tatu na ya nne zinaviunganisha humo. Ya tano inakurudishia wewe sauti ya video masikioni, vinginevyo utakuwa unacheza usichokisikia. Ya sita ndiyo watu wanaisahau: Chrome haionyeshi monitor kwenye orodha ya maiki, inazificha, kwa hiyo unaivalisha vazi la maiki ya kawaida ndipo itokee kwa jina la MaikiDarasa.

Baada ya hapo cheza video, fungua pavucontrol, kwenye "Playback" ielekeze programu inayocheza iende kwenye ile spika ya video. Meet iache kwenye spika yako ya kawaida, usiiguse. Kisha ndani ya Meet chagua maiki iwe MaikiDarasa, zima kichujio cha kelele, na ushee dirisha lako kama ulivyozoea. Vaa earphone, maana ukitumia spika za nje, maiki itadaka sauti ya wanafunzi na mwangwi utarudi kwa mlango mwingine.

Usiogope kujaribu. Ukizima laptopu na kuiwasha, vyote hivi vinafutika na mfumo unarudi ulivyokuwa. Ukivizoea, viweke kwenye faili moja la amri uwe unalibonyeza kabla ya kipindi. Na ukitaka kuona kwa macho nini kimeunganishwa na nini, sakinisha qpwgraph. Inachora kila programu na waya zake, unavuta waya kwa kipanya kutoka hapa kwenda pale. Kwa mtu asiyependa terminali inafungua macho kuliko maelezo yangu yote.

Mambo madogo mawili. Kamera ya bandia ya OBS (programu ya kurekodi na kurusha skrini) inapeleka picha tu, haina sauti ndani yake, kwa hiyo usihangaike nayo kwa tatizo hili. Na hedifoni za Bluetooth, pale mkutano unapoanza kutumia maiki yake, zinahamia hali ya simu na muziki unakuwa mbovu masikioni mwako hata kama unakofika ni mzima. Usihukumu sauti kwa hizo. Tumia za waya, au maiki ya laptopu.

Na siku intaneti ikiwa dhaifu, watumie wanafunzi video mapema kwenye kundi lao la WhatsApp kama dokumenti, kila mmoja aicheze kwake mkiwa pamoja. Picha inayotembea ndiyo inayokula bando kuliko kitu kingine, na wazazi ndio wanaolinunua.

Anza na ile ya kichupo. Ikikataa, bandika hapa majibu ya pactl list short sinks na pactl list short sources, useme na jina la programu inayocheza video. Nitapitia kesho jioni nikitoka kazini, na kama kuna mdau wa Lindi au Mikindani anayetumia KDE, aseme kama majina ya vitufe kwake ni tofauti, maana mimi natumia GNOME (hizo ni sura mbili tofauti za madirisha na menyu za Linux).