Atovastatini kwa mwenye kisukari: jibu langu kwa mleta mada

Ndugu mleta mada, umesema una miaka 49, kisukari cha aina ya pili umekaa nacho miaka sita, presha unaitibu, na daktari amekuandikia atovastatini miligramu 20, dawa ya kushusha kolesteroli ya jamii ya statini, ilhali karatasi ya maabara inaonyesha kolesteroli mbaya ya 3.1, ambayo pembeni imeandikwa kuwa ni ya kawaida. Kisha ukasoma kwamba dawa hiyo hupandisha sukari, ukaifungia kabatini. Mimi si daktari; ni mwalimu mstaafu wa hapa Tanga niliyegunduliwa na kisukari mwaka 2011, na hofu ya madhara kama hiyo yako iliwahi kunitenga na dawa kwa miezi saba.

Kuhusu sukari, ulichosoma ni kweli. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010, uliokusanya majaribio 13 yenye watu zaidi ya 91,000, ulionyesha kuwa wanaomeza statini huwa na uwezekano wa kupata kisukari uliozidi kwa takriban asilimia 9, yaani katika watu 255 wanaotibiwa kwa miaka minne huongezeka mgonjwa mmoja wa kisukari. Tazama, hata hivyo, hesabu hiyo inamhusu nani: inamhusu mtu ambaye bado hana kisukari, nasi wawili tulishaingia humo zamani. Kinachobaki kwetu ni kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu (HbA1c) kupanda kidogo, kama asilimia 0.1 kwa dozi za kati. Yangu ilitoka 7.1 ikafika 7.3, tena nilipimwa baada ya Ramadhani, kwa hiyo sina hakika kama wa kulaumiwa ni kidonge au ni mihogo ya nazi ya futari.

Swali lililonisaidia mimi ni hili: sukari yenyewe tunaiogopea nini? Wengi wetu hatuuawi na sukari moja kwa moja, bali na moyo na kiharusi. Kaka yangu sukari yake ilikuwa nzuri kuliko yangu miaka yote, alikuwa akinicheka kwa namba zangu, na ndiye aliyeanguka bafuni. Leo upande wake wa kulia haufanyi kazi. Ndiyo maana ile alama ya "kawaida" kwenye karatasi ya maabara isikutulize. Kipimo hicho kimewekwa kwa watu wote, ilhali mishipa ya mwenye kisukari huharibika hata kolesteroli ikiwa katika kiwango ambacho kwa mwingine kisingemshtua mtu, na madaktari wengi hutaka yetu ishuke chini ya 2.6, au chini ya 1.8 kwa mwenye hatari zaidi.

Kuna jaribio moja ambalo ukilisoma utadhani lilifanywa kwa ajili yako. Matokeo yake yalitolewa mwaka 2004: watu 2,838 wa Uingereza na Ireland, wote wana kisukari cha aina ya pili, hakuna aliyewahi kuugua moyo wala kiharusi, kila mmoja ana angalau jambo jingine la hatari kama presha au sigara, na wastani wa kolesteroli yao mbaya ulikuwa kama 3 tu. Nusu yao walipewa atovastatini miligramu 10, pungufu ya dozi yako, na nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa. Jaribio lilisimamishwa karibu miaka miwili kabla ya muda wake kwa kuwa faida ilishaonekana wazi: kwa waliopewa dawa, viharusi vilikuwa vimepungua kwa takriban nusu. Wengi wao walikuwa Wazungu, hilo nalikubali, lakini sioni sababu ya mishipa yetu kunufaika kwa namna tofauti.

Upande wa madhara, kilichonisumbua mimi ni misuli. Nilianzishwa simvastatini, statini nyingine, miligramu 40 nikiwa tayari natumia amlodipini ya presha, na baada ya wiki chache mapaja yakawa yanauma hata kupanda ngazi za msikitini ilikuwa taabu. Niliacha kimyakimya, nami siwashauri wengine kufanya hivyo. Mfamasia mmoja ndiye aliyeniomba nimwonyeshe dawa zangu zote, akanieleza kwamba amlodipini huongeza kiwango cha simvastatini mwilini, ndiyo maana wawili hao wakikutana simvastatini haipaswi kuzidi miligramu 20. Kliniki iliyoniandikia haikuwa imeniuliza. Nilihamishiwa atovastatini 20, na maumivu hayakurudi. Naongeza kwa uaminifu kwamba huenda sehemu ya maumivu yale ilikuwa hofu yangu mwenyewe: mwaka 2020 watafiti wa Uingereza walichukua watu 60 waliokwishaacha statini kwa sababu ya madhara, wakawapa kwa zamu dawa halisi na vidonge vitupu, na takriban asilimia 90 ya usumbufu walioupata kwa dawa waliupata pia kwa vidonge vitupu. Hata hivyo, misuli ikiuma sana na kulegea, au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, hapo usingoje siku ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kwa hiyo nenda na dawa zako zote, hata zile za mitishamba, umuulize daktari kama kuna zinazogombana na atovastatini. Balungi nalo, ikiwa unalipenda, lipunguze sana. Omba upimwe ini kabla ya kuanza, kisha kolesteroli baada ya wiki sita hadi kumi na mbili.

Uliuliza pia kama kitunguu saumu na maji ya ndimu vinaweza kushika nafasi ya kidonge. Ile miezi saba niliyoacha dawa nilivitumia kila asubuhi bila kukosa, nikapunguza na nazi. Kolesteroli yangu mbaya, iliyokuwa imeshuka hadi 2.2, nilipopimwa tena ilikuwa 3.9.