Usinunue rauta nyingine! Soma geti (gateway) kwanza

Mkuu wa Sakina kule Arusha, rudisha hizo hela mfukoni. Umesema intaneti ilikuwa safi mpaka ulipoweka rauta ya pili ghorofani, sasa simu ya mama watoto inashika, yako inaonyesha waifai imejaa lakini haifungui kitu, na fundi anakusukuma ununue kubwa zaidi yenye antena sita. Nilipofika hapo nikaacha chai. Maneno hayohayo niliambiwa mimi, mwezi wa saba, nyumba ya wageni hapa Rau, Moshi, ikiwa imejaa watu walioshuka mlimani wanaotaka kutuma picha kwao.

Fundi aliangalia dari akasema mawimbi hayana nguvu. Nikanunua rauta kubwa, ya tatu humo ndani, hali ikawa mbaya zaidi. Akageukia waya, eti ni feki. Nikachukua boksi zima la Cat6, mita 305, tukatoboa kuta za vyumba vyote, vumbi mpaka kwenye mashuka. Mwisho akasema ni kampuni ya intaneti, nami nikawapigia na kuwafokea watu wasio na kosa. Wiki tatu! Seva ndogo ya ofisini inayotunza oda za vyumba ikawa haionekani, dada wa mapokezi akarudi kwenye daftari, chumba kimoja tukakipangisha kwa watu wawili wasiojuana. Hela iliyoondoka ingechoma ndafu wawili harusini. Na huyo fundi hakuwahi kushika simu iliyokwama akasoma namba zake. Hata mara moja! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Tatizo lilikuwa hili. Rauta ya kampuni inagawa anwani, yaani namba ya kila simu kwenye mtandao (kazi hiyo ndiyo DHCP), na kujitaja kuwa geti, mlango wa kutokea kwenda intaneti, tuseme 192.168.1.1. Ya pili ukiichomeka kwenye tundu la LAN (la mtandao wa ndani) bila kuzima DHCP yake, nayo inagawa, inajitaja 192.168.0.1. Simu inamfuata aliyewahi kujibu. Ni wapiga debe wawili stendi, wote wanaita "Arusha! Arusha!", ila mmoja anakupandisha basi lisilo na injini. Ndiyo maana umeme ukikatika na kurudi, waliokuwa wanapata wanakosa: rauta iliyowahi kuwaka ndiyo iliyowahi abiria. Ile kubwa niliyouziwa ilikuwa mpiga debe wa tatu.

Kwa hiyo chukua simu iliyokwama, fungua maelezo ya waifai, soma geti. Kwenye kompyuta ya Windows fungua Command Prompt, andika ipconfig. Geti likiwa tofauti na la simu inayoshika, umemkamata. Ingia rauta ya pili, zima DHCP, ipe anwani ambayo rauta kuu haiigawi, mfano 192.168.1.2 kama haimo kwenye orodha yake, waya ubaki LAN kwa LAN. Zima waifai ya simu, washa. Mimi ilinichukua dakika kumi, bure, baada ya kijana wa chuo aliyekuja kulala usiku mmoja kuniuliza, "Mzee, mna mageti mangapi humu?"

Ukikuta anwani ya simu inaanza na 169.254, hakuna rauta iliyoijibu kabisa. Hapo ndipo uanze kushuku waya, siyo kabla.

Usiku huu, kabla hujapanda daladala kwenda mjini kununua chochote, soma geti kwenye simu zote mbili uniletee namba hapa.