Kitako cha bunduki kikae wapi begani

Ndugu yangu wa Urambo, umeeleza kwamba kila ukifyatua bunduki yako ya .375 (kipenyo cha risasi kwa inchi) damu huvilia juu ya mkono, ukauliza kama bunduki ni mbovu. Hapana, hapo panapouma panaonyesha kwamba unakiweka kitako nje mno, kwenye msuli wa mkono. Mahali pake ni kibonde kilicho kati ya mtulinga na kiungo cha bega, ambacho utakihisi kwa vidole ukiinua kiwiko. Kikaze hapo, kwa kuwa pakibaki nafasi bunduki hupata mwendo na kukupiga teke la punda. Ukishahakikisha chemba, yaani mahali risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, ni tupu, fumba macho, inua bunduki, kisha fumbua: ukilazimika kuinamisha shingo ili uone shabaha, kipandishe kitako kidogo.