Maswali ya Wasomaji: Pikipiki ya Umeme na Milima ya Kigoma

Safu ya mwezi huu tumeitenga kwa barua zinazohusu matembezi ya pikipiki za umeme yanayoongozwa, hasa ile njia ya Mwandiga kupanda Kalinzi na kuelekea Manyovu. Barua zilizofanana tumezijibu kwa pamoja.

SWALI: Shikamooni. Nimealikwa kwenye matembezi ya kutoka Kigoma mjini kupanda hadi mashamba ya kahawa ya Kalinzi na kuendelea mbele, kama kilomita 50 za kwenda. Mwenye pikipiki anasema betri ikijaa inatembea kilomita 80, na huko juu kuna mahali pa kuchaji. Nataka nimpakie mke wangu. Itatosha?
*Msomaji wa Gungu*

JIBU: Marahaba. Ukiwa peke yako itatosha kwa kubana. Mkiwa wawili haitoshi, na hesabu yake ni hii.

Tuchukue betri ya volti 72 na ampea-saa 40, ambayo ni ya kawaida kwa pikipiki za ukubwa huu. Ukizidisha unapata wati-saa 2,880, ndicho kipimo cha umeme wote uliomo kwenye betri. Kwenye tambarare, mtu mmoja akienda kilomita 40 hadi 45 kwa saa, pikipiki hula kama wati-saa 35 kwa kila kilomita. Hapo ndipo zinapotoka zile kilomita 80. Mwenye pikipiki hajakudanganya, ila amekupa hesabu ya barabara ya Ujiji, na wewe unapanda mlima.

Mlimani ongeza hivi: kila kilo 100 zikipanda mita 100 kwenda juu zinakula takriban wati-saa 35 za ziada, pamoja na zinazopotea kama joto kwenye mota. Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya usawa wa bahari. Ukifika kwenye vilima vya mita 1,500 umepanda mita 730 hivi, bila kuhesabu mabonde unayoshuka na kuyapanda tena njiani. Pikipiki ya kilo 115 na mtu wa kilo 75 ni kilo 190, kwa hiyo mlima peke yake unakula wati-saa 485. Kilomita 50 mara 35 ni 1,750. Jumla 2,235. Betri ya lithiamu tunashauri isishuke chini ya asilimia 20, maana yake una wati-saa 2,300 tu za kutumia. Umefika, lakini huna cha kuchezea.

Sasa mpakie mama, kilo 70. Mlima unakula 665, na hata kwenye tambarare ulaji unapanda hadi 40 kwa kilomita, yaani 2,000. Jumla inakuwa 2,665, tayari mko ndani ya akiba. Upepo wa mbele ukivuma, au mkipotea njia mara moja, mnasukuma. Mama apewe pikipiki yake, au apande na mwongozaji mwenye pikipiki ya betri mbili. (Barua mbili zimeuliza kuhusu mshikaki, yaani kupakiana watatu au zaidi. Hizo hatuzijibu.)

Kurudi mlima unakusaidia, na wati-saa 1,400 zinatosha. Ukiwa umefika na 645, na unataka kuingia mjini ukiwa bado na akiba yako ya 575 (ile asilimia 20), inabidi uongeze kama 1,330 huko juu. Chaja ya ampea 10 inaingiza karibu wati 750, kwa hiyo ni saa mbili kasoro robo. Ndio muda wa chakula cha mchana. Ratiba ikikuonyesha mapumziko ya dakika 45 kileleni, na hakuna gari la msaada lenye betri za akiba, muulize mwandaaji hesabu zake kabla hujalipa.

SWALI: Nilipokuwa napanda kilima kirefu, asilimia za chaji kwenye kioo cha mbele zilishuka kutoka 58 hadi 36. Nilipofika juu nikasimama, zikarudi 49. Betri imeshakufa?
*Msomaji wa Mwandiga*

JIBU: Haijafa. Kioo cha pikipiki nyingi husoma volti na kuzigeuza kuwa asilimia. Mlimani mota inavuta ampea nyingi kwa mkupuo, volti zinainama, na kioo kinadhani betri imekwisha. Mzigo ukipungua, volti zinainuka. Namba ya kuamini ni ile unayoisoma baada ya kusimama dakika tano.

Kama kioo chako kinaonyesha volti, soma hizo. Betri ya volti 72 yenye seli (betri ndogo za ndani) 20 za mfululizo, aina ya nikeli na kobalti, ikijaa ni volti 84, na huzima yenyewe karibu na 60. Hatari ni hapo: ukiwa umebakiwa na chaji kidogo halafu ukakaza mkono wa kuongezea mwendo mlimani, volti zinainama hadi chini ya kikomo na pikipiki inazimika katikati ya kona ingawa umeme bado umo. Legeza mkono, subiri dakika, washa tena, panda kwa hali ya mwendo wa kati.

Betri ya kutilia shaka ni ile inayozima ghafla ikiwa juu ya asilimia 30, au ambayo baada ya mapumziko hairudi kabisa. Hapo kuna kundi la seli lililochoka, na fundi alipime moja moja.

Sikiliza na mota pia. Yenye mota ndani ya ringi ya tairi la nyuma haina gia ya kuipunguzia mzigo. Ukipanda mlima mkali kwa kilomita 10 au 15 kwa saa huku mkono umekaza hadi mwisho, umeme mwingi unageuka joto na si mwendo. Dalili ya kwanza ni nguvu kupungua bila sababu, kwa kuwa kontrola, kifaa kinachosimamia umeme wa mota, inajikinga. Dalili ya pili ni harufu kama ya rangi inayoungua, na ukifikia hapo umechelewa. Simama kivulini dakika 20. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, chukua yenye mota ya katikati inayozungusha mnyororo, kwa kuwa inavumilia milima zaidi.

SWALI: Pikipiki ya petroli nikishuka mlima naweka gia ndogo, injini inashika. Hii haina gia. Nifanyeje? Mwenzangu breki zake zilianza kunuka tukiwa tunarudi.
*Dereva wa bodaboda, Katubuka*

JIBU: Hili ndilo swali tulilotamani liulizwe, kwa sababu watu huogopa kupanda na hujiachia kushuka, na hatari iko kwenye kushuka.

Pikipiki za umeme nyingi zina breki ya mota: ukiachia mkono, au ukigusa breki, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kidogo kwenye betri. Inasaidia, lakini ina masharti. Betri ikiwa imejaa haina pa kuuweka umeme huo, hivyo mfumo unaikata breki ya mota. Mtu anachaji kileleni hadi asilimia 100, anaanza kushuka, na pikipiki aliyoizoea asubuhi inamkimbia. Chaji hadi 85 au 90, basi. Na usitegemee kurudishiwa sana: kwenye mteremko mrefu ni sehemu ndogo tu ya ulichotumia kupanda.

Breki zenyewe hazipendi kubanwa kidogo kidogo mfululizo kwa kilomita tatu. Hivyo ndivyo alivyofanya mwenzako. Bana zote mbili kwa nguvu ya kutosha sekunde mbili tatu, shusha mwendo hadi 30, achia zipoe, kisha rudia. Punguza mwendo kabla ya kona, pikipiki ikiwa imesimama wima, halafu ukate kona bila breki. Kwenye lami breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa. Ukiingia kwenye moramu au changarawe, mbele iguse tu, uzito wa kazi uupeleke nyuma.

Mkono wa breki ukianza kuingia ndani kuliko kawaida, au ukawa laini kama unaminya sponji, simama mara moja pembeni. Subiri dakika 20. Usimwagie maji: diski ya moto ikimwagiwa maji inapinda, na ya ngoma inaweza kupasuka. Kabla ya safari mwambie mwongozaji akuonyeshe unene wa pedi. Zikibaki chini ya milimita mbili, mwambie abadilishe hapo hapo.

Na honi. Pikipiki hii haisikiki. Kwenye miteremko hiyo kuna baiskeli zilizofungwa mikungu ya ndizi na madumu ya mawese, mwenyewe akishuka kwa breki za kukanyaga na soli ya yeboyebo. Hageuki kwa sababu hajakusikia. Piga honi fupi ukiwa mbali, mita 50, na si ukiwa mgongoni mwake, maana akishtuka huingia katikati.

SWALI: Naweza baiskeli tu, pikipiki sijawahi. Mwandaaji anasema ya umeme ni rahisi, siku hiyo hiyo nitajua. Ni kweli?
*Mwalimu, Kasulu*

JIBU: Kuifanya iende ni rahisi, Mwalimu. Haina klachi wala gia. Tatizo ni kwamba nguvu yote inakuja papo hapo: ukizungusha mkono robo tu, imeruka. Wageni wengi huanguka wakiwa wamesimama. Wanaisukuma kuigeuza huku imewashwa, mkono wa kulia unajizungusha, inaondoka nao. Kanuni ni moja: ukishuka au ukiisukuma, zima. Kama ina kitufe cha P (cha kuegesha), kibonyeze hata kwa kusimama kunywa maji.

Kisheria barabarani unahitaji leseni ya pikipiki, na mwongozaji kuwepo mbele yako hakubadilishi hilo. Huna leseni, panda nyuma ya mwongozaji. Hilo si jambo la aibu, na mandhari utayaona vizuri kuliko anayeendesha. Kofia ngumu ni lazima kwa wote wawili, iliyofungwa kamba. Vaa viatu vya kufunika kifundo, suruali ngumu na glavu. Anayekuja na ndala, mwongozaji makini humrudisha nyumbani.

Wewe kama abiria, kwenye kona tazama juu ya bega la dereva upande ule anaoelekea na uache mwili umfuate. Ukijikunja upande wa pili unamharibia.

SWALI: Tunaweza kufika Gombe kwa pikipiki hizi?
*Wanafunzi wanne, Ujiji*

JIBU: Hapana. Hifadhi ya Taifa ya Gombe haina barabara ya kuingilia, wageni huingia kwa boti kupitia ziwani, na ndani ni kwa miguu. Mahale nako msituni ni miguu. Anayewauzia safari ya pikipiki ndani ya hifadhi hizo anawaibia. Pikipiki ni za vilima vya nje, barabara ya Manyovu na upande wa Kasulu.

Mkielekea Manyovu, kumbukeni kuwa huo ni mpaka na Burundi. Kila mmoja awe na kitambulisho cha taifa au pasi ya kusafiria mfukoni. Barabara hiyo ina kilomita 60 kutoka Mwandiga, kwa hiyo rudini kwenye hesabu za jibu la kwanza kabla hamjaahidiana kufika mpakani.

SWALI: Miezi gani ni mizuri, na tuondoke saa ngapi?
*Msomaji wa Kibirizi*

JIBU: Mwishoni mwa Mei hadi Julai. Mvua zimekatika, majani bado mabichi, na hewa ni safi kiasi kwamba kutoka vilimani unaona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Agosti na Septemba barabara ni kavu lakini moshi wa kuchoma mapori unafunika kila kitu. Waliolipa kwa ajili ya picha hulalamika. Kuanzia Novemba hadi Aprili lami inapitika, ila njia za pembeni za udongo mwekundu zinateleza kama sabuni, na radi za alasiri si za kuchezea ukiwa juu ya kilima.

Ondokeni saa moja asubuhi. Mapema zaidi ni giza, kwani Kigoma jua huchelewa. Mkiondoka saa nne, mota na betri mnazipandisha mlima kwenye joto la mchana.

SWALI: Nina duka njiani, mwongozaji anataka wageni wake wachajie kwangu pikipiki nne kwa pamoja. Umeme wangu utahimili? Nimlipishe vipi?
*Mwenye duka, njia ya Manyovu*

JIBU: Chaja moja inavuta wati 900 hivi ukutani, sawa na ampea nne. Nne kwa pamoja ni ampea 16. Usizichomeke kwenye soketi moja kwa ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu, itayeyuka. Tumia soketi tofauti, mbili kwa wakati mmoja, na waya wa ekstensheni uukunjue wote, usiuache umeviringishwa kwa sababu unapata moto. Baada ya dakika kumi gusa plagi: ikiwa ya moto, ichomoe. Sola ya taa haiwezi kazi hii. Jenereta ndogo ya wati 1,000 itahimili chaja moja tu.

Pikipiki zikifika zipumzike dakika 30 kwanza, betri zipoe, ndipo zichajiwe, tena kivulini na mbali na madumu ya mafuta. Chaji ya saa mbili inakula karibu uniti 2 za LUKU kwa kila pikipiki, na betri iliyoisha kabisa hadi kujaa uniti 3 na kidogo. Soma mita kabla na baada, toza uniti zilizotumika, kisha weka ada yako ya mahali juu yake. Umeme ukikatika, chomoa chaja zote na usizirudishe hadi dakika chache baada ya kurudi, kwa kuwa mara nyingi unarudi na volti za kuruka na ndizo zinazounguza chaja.