Thomas yupi, na ngome ya nani?

SWALI: Naandika maisha ya Sir Thomas Myddelton (1586–1666), mbunge na kabaila wa kaskazini mwa Wales. Baba yake, mwanawe na mjukuu wake wote ni Thomas. Niwaite Thomas wa Kwanza, wa Pili na kuendelea, au Thomas bin Thomas? Pia, sentensi hii iko sawa: "Watts alimzuia Thomas asiingie katika ngome yake"?

JIBU: "Wa Kwanza" achana nayo. Masikio yetu yameizoea kwa wafalme, na hapa ina mtego: aliyepewa ubaroneti (cheo cha heshima cha kurithiwa) mwaka 1660 ni mwana, kwa hiyo wanaoandika nasaba huanza kuhesabu kwake. "Bin" ina ladha, na watu wa Wales walikuwa na "ap" yao ya kazi ileile, lakini ukoo huu ulishashika jina moja la Myddelton. Isitoshe, "Thomas bin Thomas" inawaenea watatu kati ya hao wanne.

Mtie mtu wako katikati, wengine wahesabu kutoka kwake: babaye, aliyenunua ngome ya Chirk mwaka 1595 na kuchaguliwa meya wa London mwaka 1613, mwanawe, baroneti, aliyefariki mwaka 1663 akimwacha baba hai, na mjukuu. Ukishaanza hivyo usihame. Ukisema "babu yake" katika aya ya baroneti, msomaji atapotea.

Sentensi yako ndiyo yenye kasoro kubwa. Katika vita vya Mfalme Charles na Bunge, Myddelton alikuwa jenerali wa Bunge. Mwaka 1643 watu wa mfalme waliiteka Chirk yeye hayupo, na Desemba 1644 akaenda kuizingira nyumba yake, akashindwa kumtoa Watts, aliyeishikilia kwa niaba ya mfalme. Msomaji asiyejua hayo ataona "ngome yake" ni ya Watts, kwa kuwa Watts ndiye mtenda. Ukiongeza "mwenyewe" umeharibu zaidi. Geuza kitenzi: "Thomas alizuiwa na Watts kuingia katika ngome yake mwenyewe." Sasa "mwenyewe" inafanya kazi, na kejeli ya kisa inaonekana bila wewe kuieleza.

Ukifika mwaka 1659, alipojiunga na uasi wa Booth dhidi ya serikali na jeshi la Lambert, jenerali wa serikali hiyo, likaijia Chirk, hata kugeuza kitenzi si lazima. Andika tu "ngome ya akina Myddelton".